Maji ya Chemchemi Niliyoyaita ya Katikati ya Ziwa

Kosa ni langu. Naanza na hilo, ndugu msomaji, asije mtu akasema nimekuja gazetini kumsengenya mume. Nitamsema, tena nitamsema sana, lakini mkono ulioandika uongo kwenye zile chupa ni huu huu unaoandika haya.

Jina langu silitaji. Ziwa letu nalo silitaji, maana ni dogo, na sisi tunaolizunguka tunafahamiana mpaka mbuzi wetu. Jua tu kwamba liko upande wa Ileje, siyo mbali sana na Ikinga, na ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Mvua inaingia, vijito vinaingia, chemchemi moja inaingia upande wanakochota wanawake, halafu basi. Yanakokwenda maji hakuna aliyejua. Wengine walisema yananywewa na jua, wengine wakasema yanapenya chini kwa chini mpaka mto Songwe.

Usicheke. Najua umezoea kusoma humu habari za watu walioiba waume wa watu au waliodhulumu mayatima. Yangu ni ya maji. Lakini nisikilize mpaka mwisho ndipo uniambie kama ni habari ndogo.

Kwanza uujue mwiko wetu, la sivyo utaniona sina akili. Kwetu sisi Wandali mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Si ugomvi, ni heshima. Hamsalimiani, hamtazamani, hampiti njia moja kwa wakati mmoja. Mzee wangu alikuwa muungwana kweli katika hilo. Akiwa anakuja, anaanza kukohoa kutoka mbali, nami najitosa kwenye migomba na ndoo yangu kichwani mpaka apite. Miaka yote ile nilikijua kikohozi chake kuliko sura yake.

Mambo ya lazima, kama mtoto kuumwa au mpaka wa shamba, mama mkwe ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha maneno kati yetu. Mama alipofariki, kazi hiyo ikabaki kwa mtu mmoja tu, mume wangu. Shika hapo, maana hapo ndipo nilipochinjiwa.

Mzee alikuwa mvuvi. Maisha yake yalikuwa mwaloni, pale anapoegesha mtumbwi, upande wa pili kutoka chemchemini. Asubuhi yupo, mchana yupo, anasuka migono ya kutegea samaki, anakausha kambale, anauongelesha mtumbwi wake kama jirani. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na mtumbwi. Kwa hiyo mtu akitaka kufika katikati ya ziwa, ni lazima apite mbele ya baba mkwe wangu. Umeanza kuona ninakokwenda?

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinafika kwetu, na mtandao mpaka upande kilimani ukae juu ya jiwe moja lililokuwa na watu kuliko ofisi ya kijiji. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alikuwa ameomba kuchimba mfereji kutoka ziwani, amwagilie vitunguu vya kiangazi kule bondeni na kuvivusha Zambia. Wakubwa wakasema ngoja, kwanza aje mtu apime kama ziwa lina maji ya ziada.

Akaja dada mmoja kutoka chuo. Nimwite Zuhura. Mtu wa Tanga, mpole, ushungi wake na buti zake za mpira, na sanduku la vichupa ambavyo kila mtu alidhani ni vya dawa. Alifikia kwetu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na chumba cha ziada. Jioni ya kwanza tulikaa jikoni, maharage yakiwa motoni, mume wangu yuko mlangoni na sahani yake, nikamuuliza maji ya ziwa atayapimaje kwa kichupa cha namna ile.

"Haya maji, dada yangu, usiyaone hivi," akasema. "Ndani yake mna mazito na mepesi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, wala kwa ulimi. Lakini jua likiyapiga, mepesi ndiyo yanayotangulia kupaa. Mazito yanabaki nyuma."

"Kama mchuzi uliosahaulika motoni?"

"Naam! Sasa wewe umeshanielewa kuliko wanafunzi wangu." Akacheka. "Maji yaliyokaa sana juani yanakuwa mazito. Yaliyotoka chini ya ardhi sasa hivi yanakuwa mepesi. Na mazito hayo hayaozi, wala hayageuki kuwa kitu kingine, ndiyo maana tunayaamini. Wenyewe tunayaita isotopu. Nikiyapima kwa mashine ya chuo, nikayalinganisha na ya mvua na ya chemchemi, nitajua kiasi kinachonywewa na jua na kiasi kinachopita ardhini. Kama jua ndilo linalokunywa karibu yote, ziwa hili halina cha kumpa mtu. Ukilichimbia mfereji umeliua. Kama maji yanaingia kwa wingi chini kwa chini na kutoka chini kwa chini, basi mfereji utachukua yale ambayo yangepotea."

Mume wangu akaacha kutafuna. "Kwa hiyo mtaalamu, maji ya chemchemi ni mepesi siku zote?"

"Siku zote, kaka."

"Hata kiangazi?"

"Kiangazi ndiyo hasa. Ya ziwa yatakuwa yanazidi kuwa mazito, ya chemchemi yako vile vile."

Nakuambia ukweli, nilivimba kichwa. Nilijiona nimeolewa na mwanamume mwenye akili, anayeuliza maswali ya maana mbele ya wasomi! Mjinga mimi.

Kesho yake Zuhura akapanda mtumbwi na mzee, wakaenda katikati, akachota. Mimi nilijificha kwenye mahindi nikiwapa mgongo. Lakini ilikuwa ni mwisho wa masika, ziwa limenyeshewa wiki nzima, na mwenyewe alisema chupa ile haitamwambia mengi kwa kuwa maji ya juu yote ni ya mvua. Habari yote ingekuwa kwenye chupa za kiangazi. Alihitaji mtu wa kuchota kila mwezi mpya, chupa moja chemchemini na moja katikati, mpaka atakaporudi.

Akanichagua mimi. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne kinaliwa na mende sandukuni, hakuna aliyewahi kukiulizia tangu niolewe. Na kupiga kasia najua, nimekulia kando ya mto. Akanifundisha kazi kwenye beseni: chupa izamishwe yote, hewa itoke mpaka kiputo cha mwisho, ufunge ikiwa bado ndani ya maji, uzungushie utepe, uandike mahali na mwezi, uweke kivulini. Ukiacha nafasi ya hewa, maji yanaanza kupaa humo humo ndani, na habari inaharibika. Niliyashika yote kama Baba Yetu.

Kitu kimoja sikumwambia. Sikumwambia kwamba mila hainiruhusu kukanyaga mwaloni mzee akiwepo, na mzee yupo siku zote. Ningesema tu, angetafuta mtu mwingine. Sentensi moja! Lakini ningeipoteza kazi, na nilishaanza kuitwa Msaidizi wa Mtaalamu pale chemchemini, na jina lile lilikuwa tamu jamani.

Nikamwambia mume wangu amwombe baba yake aniachie nafasi. Siku moja tu kwa mwezi, nichote nirudi.

Akaenda. Akarudi anatikisa kichwa.

"Mzee amekataa."

"Amekataa?"

"Amesema mtumbwi wake haukaliwi na mkwe. Na amesema kila mwezi mpya atasimika kasia pale njia panda ya kwenda mwaloni. Ukiliona, ujue ndiyo mpaka wako. Ukilivuka umemvua nguo."

"Sasa mimi nifanyeje na zile chupa?"

"Chota zote chemchemini." Alisema hivyo hivyo, anavua viatu. "Maji si yanaingia ziwani hayo hayo? Maji ni maji, Mama Ambwene. Huyo dada atajuaje?"

Mwezi mpya ulipoandama nilienda na chupa zangu. Kweli, pale njia panda kasia limesimikwa, limenyooka.  Nikajisemea, kumbe mzee huyu ananichukia kiasi hiki. Nikageuka, nikaenda chemchemini, nikazamisha chupa ya kwanza, nikaandika "chemchemi". Nikazamisha ya pili mle mle, maji yale yale, baridi ile ile, nikaandika "katikati ya ziwa".

Kalamu haikutetemeka. Ndicho kinachoniuma. Nilifunga kwa ustadi wote, hakuna kiputo, utepe umekaa vizuri. Uongo wangu niliuhifadhi vizuri kuliko watu wengine wanavyohifadhi ukweli.

Mwezi uliofuata, kasia lipo. Unaofuata, lipo. Kiangazi kizima nilikuwa nalitazama kasia lile kwa hasira, natema mate pembeni, nageuka. Mwaka ule hata sahani ya chakula niliyokuwa nampelekea mzee kupitia kwa mwanangu nilianza kuijaza kidogo. Mungu anisamehe.

Zuhura alikuja akachukua chupa, akaondoka, kisha akarudi tena mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Alikuwa na karatasi zake na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Tukakaa uani, mume wangu naye yupo.

"Dada," akaniambia, "chupa zako za katikati zinanisumbua. Zinafanana na za chemchemi kama pacha. Jua lote hili la kiangazi, halafu maji hayana uzito wowote? Sijaona ziwa la namna hii. Niambie, ulichota katikati kabisa? Ulifika kwa mtumbwi?"

Aliniuliza kwa upole. Alinipa mlango wazi, niingie tu. Nilimtazama mume wangu. Naye akacheka, akasema, "Mtaalamu, huyu mke wangu ni mtu wa kwaya. Uongo ataujulia wapi?"

Nikasema, "Nilifika."

Neno moja. Zuhura akakunja karatasi zake. "Basi ardhi ya kwenu ina mambo makubwa," akasema. "Maji yanapita humu bila hata kukaa. Kama ndivyo, mfereji hauna neno." Angeweza kwenda kuchota mwenyewe siku ile, lakini mvua zilikuwa zimeanza na gari lilikuwa linamsubiri. Na aliniamini.

Mfereji ukachimbwa.

Sitadanganya tena, mwanzoni nilifurahi. Vitunguu vilikubali. Yule mfanyabiashara wa Tunduma simlaumu hata kidogo, alionyeshwa karatasi ya wataalamu akaifuata. Kumbe mume wangu alikuwa ameshaahidiwa majaruba yake kando ya mfereji siku nyingi, kabla hata Zuhura hajaja. Alikuwa akienda na kurudi Mlowo na Tunduma na mazao, na akirudi ananisalimia "Mulishani!" kwa mbwembwe kama Mbemba wa Zambia wa kuzaliwa, ana kitenge kipya mkononi. Tukaezeka bati. Nilivaa, nilikula, nililala chini ya bati hilo.

Ziwa likaanza kurudi nyuma kiangazi cha pili. Tukasema ni ukame. Kiangazi kilichofuata matete ya upande wa mwaloni yakakauka yamesimama, na watu wakawa wanaingia kwenye tope kukamata kambale kwa mikono. Ilikuwa sherehe! Watoto wanapiga kelele, wanawake tumejaza mabeseni. Baada ya hapo hapakuwa na samaki tena. Chemchemi ilikuwa inatiririka vile vile, lakini kumbe haikuwa ndiyo inayolijaza ziwa. Ziwa lilikuwa linaishi kwa mvua yake, na jua lilikuwa linachukua karibu yote, na kile kidogo kilichobaki ndicho tulichokipeleka kwenye vitunguu.

Mtumbwi wa mzee ukakaa mchangani. Mzee naye akawa anakwenda mwaloni vile vile kila siku, anakaa kando ya mtumbwi mkavu, anasuka migono isiyo na pa kutegwa. Kisha akaugua kifua, akahamia kwa bintiye, wifi yangu Tupoki.

Mchana mmoja Tupoki akaja kwangu, nikiwa napepeta.

"Wifi, mzee anataka kuongea na wewe."

"Na mimi? Kwa njia gani?"

"Utakaa nje ya ukuta, yeye atakuwa ndani. Amesema mwiko ni wake, na yeye ndiye anayeufungua."

Nilikwenda. Kilikuwa chumba cha matete kisichopigwa udongo vizuri, ungeweza kusikia mtu anavyopumua. Nikakaa chini nimeupa ukuta mgongo. Tupoki akakaa pembeni yangu. Nikasikia kikohozi, na safari hii hakikuwa cha kunionya.

"Mama Ambwene, umefika?"

"Nimefika, baba."

"Nina swali moja tu, kisha nikuache uende kwenye kazi zako. Nilikukosea nini?"

Sikuelewa. Nikasema, "Baba?"

"Kila mwezi mpya nilikusimikia kasia njia panda ulichukue. Nikaondoka nikaja huku kwa Tupoki kushinda kutwa nzima, ili mtumbwi uwe wako. Jioni nikirudi nalikuta pale pale, kavu. Yule binti wa chuo aliniambia tukiwa majini kwamba maji ya katikati ndiyo yatakayosema kama ziwa litapona. Nikasema, vizuri, mkwe wangu amesoma, yeye ndiye atakayeliokoa. Mbona hukuja?"

Jamani! Niliona giza mchana kweupe. Nikashika udongo kwa mikono yote miwili.

"Baba, niliambiwa kasia lile ni katazo. Niliambiwa umesema mtumbwi wako haukaliwi na mkwe."

Akakohoa tena. Kuku walikuwa wanaparua pale uani, nakumbuka mpaka rangi zao.

"Mimi nilimuuliza mume wako," akasema taratibu. "Nikamwambia, mbona mkeo halichukui? Akasema umekataa kugusa kitu changu kwa kuwa kinanuka samaki."

"Baba, sijawahi kusema hivyo! Sijawahi!"

"Nimekusikia."

Nikalia. Mzee akaniacha nilie, hakunikatiza. Tuliishi miaka yote ile hatua chache kutoka mlango mpaka mlango, yeye akidhani namdharau, mimi nikidhani ananichukia, na katikati yetu anapita mtu mmoja tu na maneno mdomoni, anayageuza anavyotaka huku na huku. Na sisi tulimwamini wote wawili, kwa sababu mila ilitufungia njia nyingine zote.

"Basi, mwanangu," akasema mwisho. "Nenda kapike."

Ndiyo mazungumzo pekee niliyowahi kuwa nayo na baba mkwe wangu. Hakumaliza mwezi ule. Nilimlilia msibani kuliko nilivyomlilia baba yangu mzazi, watu wakashangaa.

Mume wangu nilimsubiri mpaka matanga yaishe. Nikamfuata bondeni, nikamkuta anajaza vitunguu kwenye magunia.

"Baba Ambwene, baba yako alisimika lile kasia kwa nini?"

Hakuacha hata kazi. "Umeongea na mzee?"

"Nimeongea naye."

"Basi unajua." Akafunga gunia, akalipiga kofi. "Ungechota katikati, mfereji ungechimbwa? Na lile bati ungelipata wapi? Kitenge hicho ulichovaa ungekipata wapi? Acha kunitazama hivyo. Halafu nikukumbushe, aliyeandika 'katikati' ni wewe. Mimi hata kalamu sikushika."

Nilitaka kumrukia. Lakini ndugu msomaji, alikuwa anasema kweli! Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu amenisaliti mimi, amemsaliti baba yake mzazi, halafu katika kinywa chake chote cha uongo linatoka neno moja la kweli, na neno hilo ni langu.

Nikapanda kilimani, nikakaa kwenye lile jiwe, nikampigia Zuhura. Nikamwambia yote, mwiko, kasia, chemchemi. 

"Dada," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, dada yangu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuja na buti zake, akachota mwenyewe kwenye lile dimbwi lililobaki, akapeleka chuo. Akarudi akasema maji ni mazito ajabu, mazito kuliko alivyotarajia, jua linalinywa ziwa karibu lote na halijawahi kuwa na cha ziada. Tayari alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wake kuwaambia kazi yake ya kwanza ilikuwa na makosa. Hakunitaja jina. Mimi nilimtia aibu, yeye akanisitiri.

Ukaitwa mkutano wa kijiji. Zuhura akaeleza kwamba chupa za mwanzo hazikuchotwa mahali palipoandikwa. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasimama, nikasema ni mimi. Nikasema na kilichonifikisha pale. Nilipomaliza, mume wangu akainuka na shati lake jeupe.

"Ndugu zangu, mimi wakati huo nilikuwa Mlowo na mazao. Sijui chupa wala kasia. Mke wangu alikuwa mvivu wa kupiga kasia, sasa anamsingizia marehemu baba yangu, mtu ambaye kwa mila zetu hata kuongea naye hakuwahi. Jamani, mkwe anaongeaje na baba mkwe?"

Watu wakacheka! Walicheka kweli.

Nikamtazama Tupoki. Alikuwepo pale ukutani. Alikaa pembeni yangu, alisikia kila neno la baba yake. Nikamwambia mbele ya wote, "Wifi, sema."

Tupoki akainamisha kichwa, akaanza kukunja pindo la kitenge chake, anakunja anakunjua. Mumewe naye ana jaruba la vitunguu bondeni. Hakusema kitu. Mkutano ukafungwa.

Mfereji haukufungwa. Walioanza kulima kwa maji yake walikuwa wameshakuwa wengi, na kila mmoja ana watoto wa kulisha. Wakasema watachukua maji kwa zamu. Wanachukua kwa zamu mpaka leo, yakiwepo. Mume wangu amehamia huko huko bondeni, na mimi simfuati. Kwaya niliacha. Chemchemini nikifika wanawake wanashusha sauti.

Ninyi mnaosoma haya, nawaomba. Kama kazi imekushinda kwa sababu ya mila, au aibu, au hofu ya mume, sema mapema. Kusema "sikufika" kunauma siku moja. Na kama kati yako na mtu unayemheshimu maneno yote yanapita kinywani mwa mmoja tu, hata awe mume uliyezaa naye, tafuta njia nyingine ya kumsikia mwenyewe. Kaa nyuma ya ukuta kama nilivyokaa mimi, lakini usichelewe kama nilivyochelewa. Na mtu akikuuliza kwa upole mara ya pili, jua Mungu amekufungulia mlango. Ingia!

Kasia la mzee ninalo mimi. Tupoki aliliacha mlangoni kwangu siku moja bila kubisha hodi, nikalikuta asubuhi limeegemezwa. Sijui kama ni msamaha anaomba au anautua mzigo wake kwangu. Sijamuuliza.

Zuhura bado anataka chupa za kila mwezi, na bado ananiachia mimi kazi hiyo, sijui kwa huruma gani. Mwezi mpya ukiandama naamka, napita njia panda, napita mwaloni palipokaa mzee, hakuna anayekohoa. Mtumbwi siuhitaji tena. Naingia kwa miguu, tope linanifika magotini, natembea mpaka katikati ya ziwa, na nachota pale pale nilipoandika kwamba nilichota.